Uchafu wa Siku za Jua

Göttingen, 3 Juni 2024

Volkmar,

Umenizuia kwenye simu na barua pepe zangu hujibu, basi pokea karatasi. Nimeituma kwa rejista usije ukasema tarishi kaipoteza.

Sikuandikii kama dada yako. Nakuandikia kwa kuwa wewe ndiye fundi mkuu wa tangi la mvua pale juu ya Dornbecke, na mimi ndiye ninayekipima kijito hicho mwaka wa tatu sasa. Nitaeleza polepole, maana najua unavyosoma.

Kila jiwe la kijitoni limevaa utelezi. Utelezi huo ni jamii nzima ya vijidudu, mamia ya aina, kila aina na kazi yake, na hao ndio wanaosafisha maji. Mvua kubwa ikipiga, bomba kuu linajaa, maji ya mvua yanachanganyika na ya vyooni, tangi lako linafurika na ziada inamwagwa kijitoni. Hilo linajulikana na limeruhusiwa. Nikisugua mawe kwa mswaki kesho yake, nakuta wenyeji wamekokotwa na maji, na mahali pao wamekaa wageni kutoka matumboni mwa watu na kwenye kuta za mabomba. Jua likiwaka wiki mbili tatu, wageni wanakufa na wenyeji wanarudi. Ndivyo ilivyo katika vituo vyangu saba kati ya vinane.

Kituo cha tano, chini ya daraja la Zechenweg, wageni hawaondoki. Tangu Aprili mwaka jana, hata pasiponyesha tone kwa mwezi mzima, bado nakuta mavi ya watu pale. Kuna kitu kinawalisha kila siku. Na hapo hapo ndipo watoto wa chekechea wanapojengea mabwawa yao ya matope kila Jumatano. Mwezi uliopita watoto saba waliharisha, wawili wakalazwa.

Nionavyo mimi, lango la tangi lako halifungi, au unalifungua siku za jua ili usihangaike na pampu. Nataka kumbukumbu zote za lango. Mwisho wa mwezi ripoti yangu inakwenda ofisi ya mji, na jina lako limo.

Kwa salamu za kirafiki,
Dkt. Annegret Stratmann


Hollenrath, 8 Juni 2024

Mheshimiwa Dokta, Malkia wa Miswaki,

Rejista yako imefika. Mama ndiye aliyetia saini mlangoni, akaniuliza, "Ni Annegret? Anasemaje?" Nikamwambia umemsalimia. Nimekudanganyia salamu, wala usinishukuru.

Haya, kumbukumbu za lango hizo hapo, miezi kumi na minne. Lango limefunguka mara kumi na tatu, na mara zote hizo mvua ilikuwa ya kung'oa mapaa. Siku za jua halikufunguka hata mara moja. Tena tuelezane polepole, maana najua unavyofikiri: tangi langu liko juu ya kituo chako cha tatu. Lingekuwa linavuja, cha tatu kingenuka kwanza, kisha cha nne, ndipo cha tano. Cha tatu na cha nne umeandika kwa mkono wako kwamba ni safi. Mtoto wa darasa la sita angeliona hilo. Wewe hukuliona kwa sababu hukuwa unatafuta uchafu, ulikuwa unanitafuta mimi.

Na mtu wa kunifundisha mimi wajibu ndiye wewe? Wewe uliyeondoka kwenye mazishi ya Baba? Watu wameketi, kahawa imemiminwa, keki imekatwa, mchungaji hajakoroga hata sukari, mwenzetu umeshavaa mabuti ya njano juu ya gauni jeusi, eti mvua ya usiku imejaza kijito na sampuli haingoji. Mama akabaki kuwaambia wageni kwamba umeshikwa na tumbo. Hukuona haya?

Ukitaka mchawi, mtazame Pietrzak. Ana njiwa wa mashindano sitini, ng'ambo ya kijito, hatua chache tu juu ya daraja. Kila Ijumaa anasugua banda kwa ndoo na ndoo za maji. Yanakwenda wapi? Mtaa mzima unasema ni yeye, nami nimeshaandika hivyo ofisini.

Sina salamu, za kirafiki wala za aina nyingine.
Volkmar


Göttingen, 14 Juni 2024

Volkmar,

Kuhusu lango nilikosea. Nimeliandika mara moja na sitalirudia.

Kuhusu njiwa unakosea wewe, na wewe unakosea kwa makusudi. Kuna kijidudu kimoja kinachoishi ndani ya utumbo wa binadamu tu. Hakiishi kwa njiwa, wala mbwa, wala bata. Kituo cha tano kimejaa hicho. Cha njiwa nakipata pia, kidogo sana, kama kila mahali penye paa na ndege. Bwana Pietrzak angekuwa na njiwa elfu sita, bado asingeweza kuleta ninachokiona mle. Kwa hiyo futa ulichokiandika ofisini, leo.

Kuna choo cha mtu kimeunganishwa na bomba la maji ya paa, linaloteremka moja kwa moja kijitoni. Wewe una poda ya kijani na hiyo ndiyo kazi yako: kijiko kimoja chooni, unavuta maji, unafunua mfuniko na kuangalia kijani kinatokea bomba gani. Baba aliifanya kazi hiyo miaka ishirini, alipita mlango kwa mlango mji mzima na hakuna aliyemponyoka. Anza Zechenweg, nyumba zote.

Na mazishi usiyaguse. Mawimbi ya mvua yanapita kwa saa tano au sita, ukiyakosa umeyakosa. Wala si hilo peke yake. Nisingeweza kukaa pale nikitafuna keki huku watu wakisimulia jinsi Baba alivyokuwa mnyoofu. Wewe ungeweza, nami nisingeweza, basi.

Annegret


Hollenrath, 2 Julai 2024

Mheshimiwa Dokta,

Agizo lako limetekelezwa, Mtukufu. Wiki mbili nimegonga milango Zechenweg na kopo la poda mkononi. Mama Krause wa namba tisa amenitukana, wa namba kumi na nne ameniachia mbwa. Nyumba ishirini na mbili, kijani chote kimetokea bomba la uchafu, mahali pake. Mtaa ni msafi. Fomu zimesainiwa, nakala hizo hapo.

Ofisi nayo imeamua bila mimi. Pietrzak ameandikiwa barua: njiwa wote waondoke ifikapo tarehe 31 Julai, na banda livunjwe. Usinipigie kelele, sikuisaini mimi. Watoto wameumwa, wazazi wamekuja juu, ofisi inataka kuonekana imefanya kitu. Ndiyo dunia, Dokta, huku nje ya maabara.

Sasa naomba unipishe. Mimi ndiye ninayempeleka Mama kliniki, mimi ndiye ninayemvalisha soksi. Wewe unazo chupa zako.

Volkmar


Göttingen, 9 Julai 2024

Volkmar,

Zechenweg ina nyumba ishirini na tatu.

Nimezipanga fomu zako mezani kwa namba, mbili hadi ishirini na nne. Hakuna namba kumi na saba. Namba kumi na saba ni kwetu.

Kisha nikaitazama upya chati yangu. Kabla ya Aprili mwaka jana, kituo cha tano kilikuwa kikipona baada ya kila mvua kama vituo vingine. Tangu Aprili hakijapona. Nimekuwa nikijiuliza miezi yote hii ni nini kilichobadilika mtaani Aprili, ni nani aliyehamia, nani aliyejenga. Mama alitoka hospitali Aprili. Nyonga mpya haipandi ngazi, kwa hiyo mlimshushia kitanda chini, na chini kuna bafu moja tu: lile ambalo Baba alimjengea Bibi kwa mikono yake, ambalo halikutumiwa tangu Bibi alipokufa.

Niambie ninakosea. Safari hii ningefurahi sana kukosea.

Na bila kujali utajibu nini, wale njiwa wa Pietrzak hawana kosa lolote na unalijua.

Annegret


Hollenrath, 12 Julai 2024

Annegret,

Hukosei. Umefurahi?

Baba aliniambia hospitalini, siku tatu kabla hajafa. Wewe hukuwapo, ulikuwa kwenye mkutano Uswisi. Mwaka themanini na sita Bibi alianza kushindwa ngazi, Baba akajenga bafu wakati wa likizo. Bomba la uchafu lilikuwa upande wa barabarani, uchimbe uani kote, na lile la maji ya paa lilikuwa hapo hapo chini ya dirisha, linashuka bustanini hadi kijitoni. Akaunganisha na hilo. Unakumbuka Dornbecke ilikuwaje enzi hizo? Mfereji wa zege wenye uzio, mavi ya mji mzima yanapita wazi, tulikuwa tunauita jina gani sitaliandika. Kuna tofauti gani uchafu wa Bibi ukiingia hapo au ukizunguka kupitia barabarani ndipo uingie hapo? Hakuna mtu wa hapa ambaye angelifikiria mara mbili.

Halafu mji ukavunja zege, ukapanda miti, ukaleta samaki, na Baba akapewa kopo la poda na kuambiwa awakamate wote waliounganisha vibaya. Bibi ameshakufa, bafu limefungwa, halitoi hata tone. Ungemtaka afanye nini, aanze kujikamata mwenyewe? Akaanza na wengine. Mwaka elfu mbili na tisa alimkamata Pietrzak kwa bomba la banda lake. Bustani yake ikachimbuliwa yote na gazeti likaandika. Baba alilia aliponisimulia hilo. Umewahi kumwona Baba akilia? Mimi ninayo hiyo, na sikuitaka.

Kwa hiyo sikiliza. Mama ana miaka themanini na miwili. Hajui kitu, Baba alimwambia bomba lilishahamishwa. Ukifungua mdomo, mume wake anakuwa mwizi wa mji mzima na mimi nafukuzwa kazi kwa zile fomu. Subiri. Mama hataishi milele. Siku atakapoondoka, nitachimba mwenyewe, kimya kimya, na mawe yako yatapona. Njiwa ni njiwa tu. Pietrzak ana miaka sabini na tano, angewaacha karibuni hata hivyo.

Na usithubutu kumwandikia Mama.

Volkmar


Göttingen, 17 Julai 2024

Mama mpendwa,

Natumaini nyonga inaendelea vizuri na unafanya mazoezi waliyokuonyesha.

Kwa ajili ya jedwali moja la ripoti yangu nahitaji kujua jambo dogo: tangu lini hasa unatumia bafu la chini, lile la Bibi? Tarehe ya kukadiria inatosha. Na je, kuna mtu mwingine anayelitumia? Usimsumbue Volkmar kwa hili, ana kazi nyingi.

Nitakuja kukuona nafasi ikipatikana.

Annegret wako


Hollenrath, Jumapili 28 Julai 2024

Annegret, Volkmar,

Nimeandika barua moja kwa karatasi ya kaboni. Ya juu inakwenda Göttingen, na ya chini naisukuma chini ya mlango wa ghorofani, maana Volkmar tangu jana hashuki hata kula. Mkitaka kujua ipi ni ya nani, nyote wawili someni yote.

Jambo dogo, unasema, Annegret. Jedwali. Nimelala kitanda kimoja na mkaguzi wa mabomba miaka hamsini na moja, nimefua mashati yake yenye madoa ya kijani hadi vidole vyangu vikawa kijani, halafu unaniuliza tangu lini natumia bafu la chini na unadhani sitajua unaniuliza nini? Nilikaa na barua yako kwenye mfuko wa aproni siku nane. Sikutaka iwe kweli. Hilo ni kosa langu na nalisema.

Alhamisi Pietrzak alibisha mlango wa bustani. Alikuwa ameanza, kwa kuwa siku zimebaki chache. Njiwa wa mashindano huwezi kumuuza akiwa mkubwa, ukimpeleka Ubelgiji leo, kesho kutwa yuko juu ya paa lako anakuomba mahindi. Kwa hiyo hakuna pa kuwapeleka. Alianza na wazee, kumi na mmoja, kwa mikono yake mwenyewe, akawapanga kwenye benchi kwa mwaka waliozaliwa. Alikuja kuniuliza kama nataka wawili wa supu, maana tangu operesheni sijapona sawasawa na supu ya njiwa inarudisha nguvu. Alisimama hapo ameshika kofia. Mtu ambaye mume wangu alimchimbua bustani, na mwanangu amemwandikia mashtaka, ananiletea mimi supu. Nilifunga mlango.

Ijumaa, Volkmar ukiwa kazini, nilipanda ngazi. Ndiyo, kwa nyonga hii, ngazi kwa ngazi, kwa makalio, na nilipumzika mara tatu. Nilijua utakuwa na faili, kwa sababu baba yako naye alikuwa akiweka kila karatasi kwenye faili, hata za aibu. Barua za dada yako zote zimo, na nakala za zako, zimetobolewa vizuri, zimepangwa kwa tarehe. Nimesoma. Nimesoma "Mama hataishi milele." Nimesoma "Siku atakapoondoka." Unanivalisha soksi kila asubuhi, Volkmar, na kila asubuhi ulikuwa unangoja. Sijui nitakunyooshea vipi mguu kesho.

Jana Jumamosi, saa nne, watu wote wakiwa nje na mifagio yao, nilichukua kopo lako la poda kule chini. Kijiko kimoja, baba yenu Alfons alikuwa akisema, kijiko kimoja kinatosha nyumba. Nilimimina kopo zima. Nikavuta maji, nikachukua fimbo, nikashuka bustanini hadi kijitoni. Nilifika kabla ya maji, ndivyo ninavyotembea upesi nikiwa na hasira. Nikamwita Pietrzak. Alitoka na kandambili zake, Krause akaja, na yule mwenye mbwa akaja. Tukasimama wote darajani tukitazama. Kikatoka chini ya ua wangu, pale penye mawaridi, kijani ambacho hakuna jani lenye rangi hiyo, kikajaza kijito ukingo kwa ukingo. Krause akajifunika mdomo kwa mkono.

Zimamoto walikuja, kumbe kijani kilikuwa kimefika mtaa wa tatu na watu wakapiga simu. Kijana wa zimamoto akauliza ni nani. Nikamwambia ni mimi, choo ni changu, bomba ni la mume wangu Alfons Stratmann, mkaguzi, andika jina lote. Aliandika. Kesho asubuhi nampigia simu yule bwana wa ofisini mwenyewe, na nitamsomea pia fomu ngapi Volkmar amejaza na ngapi hakujaza. Usije kunibembeleza. Utafukuzwa kazi au hutafukuzwa, mimi sijui, lakini njiwa arobaini na tisa wamebaki hai na watabaki hai.

Pietrzak hakunishukuru wala hakunitukana. Alitazama maji hadi yakaanza kupauka, kisha akarudi bandani na kufunga mlango. Leo nimemwona amekaa kwenye benchi, lile lile. Sijui kama atawahi kunisalimia tena, na akikataa ana haki.

Alfons nimemchukia usiku kucha. Mtu mwoga, na nilimpigia pasi mashati. Nilipoamka nilikuwa bado namchukia, ila nilikuwa pia nimemwandalia kikombe chake. Hayo ni yangu, msiyaguse.

Sasa wewe, Annegret. Umeniuliza tarehe, basi pokea: 19 Aprili mwaka jana, Jumatano, saa nane mchana. Kuanzia siku hiyo umekuja pale darajani mara kumi na nne. Nilikuwa nakuona kutoka dirisha la jikoni. Kila mvua ikipiga kwa nguvu nilikuwa najua kesho utakuja kusugua mawe yako, na nilikuwa naoka. Nilikuwa natoa vile vikombe vizuri. Unainama pale, hatua arobaini kutoka mlango wangu, unajaza chupa zako, unafuta mikono, unapanda gari. Mara ya kwanza nilidhani una haraka. Mara ya tano nikaacha kuoka, nikabaki kutoa vikombe tu.

Kwenye friza lako huko Göttingen kuna kinyesi changu cha miezi kumi na mitano, kwenye vichupa, kimeandikwa tarehe. Unajua kilichokuwa tumboni mwangu siku za mvua na siku za jua. Umechora chati zake, umewasomea maprofesa Uswisi. Na mimi mwenyewe nina nywele nyeupe kichwa kizima sasa, natembea nimeinama upande wa kushoto, na jino la mbele halipo tangu Februari, na wewe hulijui hata moja katika hayo.

Usinijibu kwa barua.

Mama yenu,
Mechthild Stratmann
Zechenweg 17